Mali bila Daftari: Maisha na Kazi pasipo Kompyuta

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limeingia ndani ya kompyuta, na kwa sababu hiyo vijana wengi hudhani kuwa pasipo mashine hiyo pasingekuwa na hesabu, na pasipo hesabu kazi zote zingesimama. Fikira hiyo ni rahisi kuiamini, na kwa Mtanzania ni rahisi vilevile kuipima. Mataifa mengine hayana budi kubuni kwa akili maisha yasiyo na kompyuta. Tanzania iliyachagua maisha hayo kwa amri ya serikali, na ikaishi nayo kwa miaka mingi.

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwishoni mwa miaka ile ya 1960 wizara ikajaribu kuhamishia hesabu za serikali katika mashine hiyo mpya. Jaribio halikufaulu. Hesabu zilivurugika, fedha nyingi ikatumika bila faida, na wataalamu walioijua kazi walikuwa wengi wao wageni. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wakati huo kompyuta zilizokuwamo nchini hazikuzidi saba. Marufuku ililegezwa kidogo kidogo, na ilikuja kuondoka kabisa katika miaka ya 1990. Televisheni za Bara zilianza kurusha matangazo mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Wanazuoni walipendekeza majina mawili, ngamizi na tarakilishi, lakini watu wengi wakashika neno kompyuta.

Ili kuona maana ya amri ile, na tuiache Dar es Salaam twende Kisorya. Mahali hapo pako ukingoni mwa rasi ya Mwibara, wilaya ya Bunda, mkoani Mara, kaskazini mwa Ghuba ya Speke. Mkabala wake, ng'ambo ya mlango mwembamba wa maji, ni Rugezi katika kisiwa cha Ukerewe, na kivuko huunganisha pande hizo mbili. Wenyeji ni wakulima na wavuvi. Mtu wa mahali kama hapo, mwaka 1974, hakuisikia marufuku ikimwondolea kitu. Kazi zake zilikuwa na mashine zake tayari: mizani ya pamba, jembe, wavu, na redio iliyompa habari kutoka mbali. Kazi za maofisini nazo zilikuwa na zake: jalada, leja, mhuri, karatasi ya kaboni na mashine ya kupigia chapa. Barua ilikwenda kwa posta, na haraka ilikwenda kwa simu ya maandishi. Aliyejua kusoma alimsomea asiyejua, na aliyejua kuhesabu alikuwa mtu wa heshima.

Hapa ndipo ilipo siri ya jambo lote. Katika nchi ya pamba kuhesabu hakukuwa kazi ya ukarani tu, kulikuwa siasa. Kabla ya uhuru wakulima wa Kanda ya Ziwa walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi iliwapunja. Mkulima alileta mzigo aliojua uzito wake kwa mgongo wake mwenyewe, kisha akaambiwa uzito mwingine na mtu aliyesimama nyuma ya chombo asichoruhusiwa kukigusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na madai hayo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma. Shirikisho hilo likawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, na hesabu zake zilijengwa juu ya stakabadhi zilizoandikwa kwa mkono, nakala moja chamani na nakala nyingine mfukoni mwa mkulima. Bomani huyo huyo alikuwa Waziri wa Fedha tangu 1962 hadi 1965, mwaka ule ule ambao kompyuta ya kwanza iliingia katika wizara hiyo. Kizazi kimoja kilitoka katika ugomvi wa mizani kikafika katika mlango wa kompyuta.

Tena isisahauliwe kwamba mambo makubwa yalitendeka katika miaka ile pasipo mashine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wanaokisiwa kufika milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kuchimba vyoo. Mwezi Novemba 1974, mwaka wa marufuku, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mjini mwa mkoa huo huo wa Mara, ikaazimia kwamba watoto wote wa umri wa shule wapate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, badala ya mwaka 1989 uliokuwa umepangwa. Kabla yake, baina ya 1968 na 1972, mikoa ya ziwa ilikuwa uwanja wa majaribio ya elimu ya watu wazima yaliyosaidiwa na UNESCO, ambayo vitabu vyake vilifundisha kusoma kwa mambo ya pamba, uvuvi na migomba. Kuandikisha watoto, kugawa walimu na kupeleka vitabu vijijini kulifanywa kwa kalamu. Anayesema kuwa pasipo kompyuta taifa haliwezi kupanga hajaisoma historia ya mkoa wa Mara.

Hata hivyo, si haki kuisifu kalamu kupita kiasi chake. Kalamu ni polepole. Jalada lililopotea katika masijala lilimpotezea mzee malipo yake ya uzeeni, na safari ya kwenda kulitafuta ilimla nauli na siku. Mfanyabiashara wa dagaa hakujua bei ya soko la mbali mpaka mzigo wake umefika sokoni, na hapo alikuwa amekwisha kuchelewa. Wala karatasi haikuwa kinga ya wizi. Mwaka 1966 kamati maalumu ya serikali ilichunguza ushirika ikakuta uzembe na udanganyifu mwingi, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, vikaja kuruhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Daftari la mkono lilipunja watu kama mizani ilivyowapunja. Basi ni wazi kuwa uovu haukuzaliwa na mashine, na hauondoki kwa kuiondoa mashine.

Je, uondoke kwa kuileta? Mwaka 2008 malipo ya simu ya M-Pesa yalianza nchini, na hivi leo mvuvi anaweza kupokea fedha kabla wavu haujakauka. Mwezi Agosti 2022 makarani wa sensa walihesabu taifa kwa vishikwambi, wakapata watu 61,741,120. Faida hizo ni kubwa, na atakayezikana atakuwa mkaidi. Lakini ziwa limetoa mafunzo mawili yenye uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa watu zaidi ya mia nane. Abiria wa daraja la chini, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuwa na orodha kamili ya majina. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, ambacho uwezo wake ulikuwa abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, wakafa watu zaidi ya mia mbili na ishirini. Safari hii ilikuwako mashine ya tiketi. Maofisa walieleza kwamba idadi ya waliopanda haikuweza kujulikana upesi, kwa kuwa mkata tiketi alikufa na mashine yake ikapotea majini. Mara ya kwanza daftari halikuwako, mara ya pili lilikuwako katika mashine, na mara zote mbili ndugu walisimama ufukoni wakihesabu kwa vidole.

Tofauti iliyopo baina ya maisha yenye kompyuta na maisha yasiyo nayo, basi, ni ya mwendo zaidi kuliko ya asili. Kompyuta huharakisha hesabu njema na huharakisha hesabu mbaya. Wizara ya Fedha ilishindwa kwa sababu iliikabidhi mashine hesabu ambazo wenyewe hawakuweza tena kuzisahihisha. Wakulima wa pamba walishinda kwa sababu walidai mpimaji wao akae karibu na mizani. Swali la mwanafunzi wa leo lisiwe kama maisha yangewezekana bila kompyuta, maana yaliwezekana. Swali ni hili: mtu wa Kisorya anapopanda kivuko, anapouza pamba, au jina la mtoto wake linapoandikwa shuleni, ana njia gani ya kuikagua hesabu inayomhusu? Zamani alikuwa na nakala ya stakabadhi mfukoni. Ikiwa kompyuta itampa nakala iliyo wazi kuliko ile, itakuwa imetimiza kazi ya daftari. Ikiwa itaificha hesabu mahali asipofika, atakuwa amerudishwa mbele ya mizani ya mnunuzi, na itambidi kudai upya mpimaji wake.