Jungu Kuu la Mpakani: Kompyuta Ndogo, Kadi Kubwa na Historia ya Kuongezea Mashine Busia na Tororo

Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Methali hii hutumiwa kuwasifu wazee, lakini inafaa pia kufungulia mjadala kuhusu kompyuta kuukuu zinazouzwa katika miji ya mpakani kama Busia na Tororo. Nyingi kati ya kompyuta hizo ziliundwa kwa ajili ya ofisi za Ulaya na Marekani: kisanduku chembamba kinachokaa kando ya skrini bila kuchukua nafasi. Ofisi inapomaliza kazi nazo, huuzwa kwa bei nafuu na kusafirishwa kama mitumba mingine. Mwanafunzi wa uchoraji ramani au mhariri wa video za harusi huinunua kwa sababu ndiyo anayoimudu, kisha hugundua kwamba kazi yake inahitaji kadi ya grafiki yenye nguvu. Anamwendea fundi na swali moja: je, kadi kubwa itaingia?

Insha hii inadai kwamba jibu la swali hilo ni la kihistoria kabla halijawa la kiufundi. Fundi anapofungua kasha, anakutana na maamuzi yaliyofanywa zamani na watu ambao hawakumfikiria hata kidogo. Kazi yake ni kutafuta upenyo kati ya maamuzi hayo, na kazi ya namna hiyo si ngeni mpakani.

Mpaka wenyewe ni uamuzi wa aina hiyo. Mwaka 1902 Waingereza waliuondoa Mkoa wa Mashariki kutoka Uganda na kuuunganisha na eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya. Mstari uliokuwa karibu na Naivasha ukasogezwa magharibi, na Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili za utawala. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kampala mwaka 1931, ilikuwa imepitia Tororo. Tangu hapo bidhaa nyingi za viwandani ziliingia Uganda kupitia ukanda huu, zikiwa zimeundwa kwa mahitaji ya watu wengine.

Mfano maarufu zaidi wa jinsi wenyeji walivyozikabili bidhaa hizo ni baiskeli. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kuvusha abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha, masafa ambayo mtu mwenye mizigo hakupenda kuyatembea. Baiskeli iliundwa kwa mpandaji mmoja. Vijana hawakubadilisha fremu, bali walifunga kiti chenye sponji juu ya keria ya nyuma. Wito wao wa kuwaita abiria, “boda boda”, ulitokana na neno la Kiingereza la mpaka, na leo ndilo jina la pikipiki za abiria Afrika Mashariki nzima. Somo la baiskeli hizo ni kwamba mashine yaweza kuongezewa kazi ambayo kiwanda hakikuikusudia, mradi mwenye nayo ajue sehemu iliyo dhaifu zaidi. Keria ikibeba lakini spoki zikivunjika, hakuna safari.

Kompyuta nayo ina spoki zake. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta binafsi yenye nafasi tano za kuchomeka kadi, na ikachapisha maelezo ya kiufundi yaliyowawezesha wengine kuitengenezea vipuri. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa vipimo vya ATX, vilivyofanya makasha, bodi kuu na pawa saplai za viwanda mbalimbali zioane. Kwa hiyo kuongezea kompyuta kulikuwa sehemu ya muundo wake, na hakukuwa ujanja wa uchochoroni.

Mambo yalianza kuachana wazi mwaka 1999. Mwaka huo Intel ilitoa chipu za i810 zilizobeba grafiki ndani ya bodi, kwa hiyo kompyuta ya ofisi haikuhitaji tena kadi ya pekee. Mwaka huohuo kampuni ya Nvidia ilitoa GeForce 256, kadi ya wapenzi wa michezo. Tangu hapo mashine ya ofisi iliendelea kupungua umbo huku kadi ikinenepa. Anayetaka kuvikutanisha vitu hivi viwili leo anajaribu kuunganisha njia zilizotengana zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Tuchukue kompyuta moja inayojulikana sana, Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, katika umbo lake dogo. Pawa saplai yake hutoa wati 240 kwa mashine nzima. Kasha lake hupokea kadi fupi tu, zenye kimo cha karibu sentimita 7, ilhali kadi ya kawaida hufikia sentimita 11. Nafasi ya kuchomeka kadi hiyo, kwa kanuni za PCI Express, haitoi zaidi ya wati 75, na miongozo ya baadhi ya kompyuta ndogo huweka kiwango cha chini zaidi. Waya wa ziada wa kuilisha kadi haupo. Kadi ya RTX 4090 ya mwaka 2022 peke yake hutumia hadi wati 450, karibu mara mbili ya uwezo wa pawa saplai nzima.

Upenyo upo, lakini ni mwembamba. Kadi kama GTX 750 Ti ya mwaka 2014, yenye wati 60, na GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye wati 75, ziliuzwa pia kwa umbo fupi na bila kudai waya wa ziada. Njia nyingine ni kuihamisha bodi kwenye kasha kubwa lenye pawa saplai mpya. Hapo napo kuna kizuizi: kuanzia OptiPlex 9020 ya mwaka 2013, Dell iliacha plagi ya kawaida ya pini 24 na kutumia ya pini 8, hivyo fundi hulazimika kutafuta waya wa kubadilisha plagi. Uwazi wa mwaka 1981 ulikuwa umeanza kufungwa kimyakimya.

Kuwapo kwa nafasi ya kadi, basi, si sawa na kuwapo kwa umeme wa kuilisha, na Tororo inalijua jambo hili kwa kipimo kikubwa zaidi. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka huohuo iliundwa Kampuni ya Umeme ya Kenya ili kujenga njia ya umeme kutoka Tororo hadi Nairobi. Nguvu za mto Nile zikapita juu ya vijiji vingi ambavyo vyenyewe vilibaki gizani kwa miaka mingi. Nyaya zilikuwepo, lakini aliyeamua zimlishe nani alikuwa mbali.

Uamuzi mwingine ulitoka kwa serikali. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha mwaka huohuo wa 1999. Umoja wa Forodha ulianza tarehe 1 Januari 2005, na katika ushuru wa pamoja kompyuta zikawekwa kwenye asilimia 0. Lakini mwaka 2010, mwaka ambao Soko la Pamoja lilianza, Uganda ilianza kutekeleza marufuku ya kuingiza kompyuta, friji na runinga zilizotumika. Marufuku hiyo haikuwa sheria ya Jumuiya nzima. Hivyo katika mji mmoja wa Busia, kisanduku kilekile kingeweza kuwa bidhaa upande mmoja wa barabara na kosa upande wa pili.

Hoja ya serikali haikuwa ya kupuuzwa. Tangu Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, mataifa yamekiri kwamba nchi tajiri huweza kusafirisha taka kwa jina la bidhaa. Hata hivyo, sheria inayopima mashine kwa umri wake peke yake haioni kinachoweza kufanywa nayo. Mwaka huohuo wa 2010, mtaani Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitoa filamu ya Who Killed Captain Alex?, aliyoihariri kwa kompyuta kuukuu alizounganisha mwenyewe. Filamu hiyo imetazamwa duniani kote. Kile ambacho forodha ingekiita taka, mikononi mwake kilikuwa studio.

Kwa hiyo mstari kati ya mashine na taka hauchorwi forodhani pekee. Huchorwa pia kwenye meza ya fundi, pale anapojua wati, sentimita na pini za kisanduku kilicho mbele yake. Fundi asiyejua huchoma bodi na kuongeza taka ambazo sheria iliziogopa. Anayejua huipa kompyuta miaka mingine ya kazi.

Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ili msafiri asimame mara moja badala ya mbili. Ni hatua kubwa, lakini historia ya teknolojia mpakani haiishii kwenye majengo na mikataba. Sisi wanafunzi wa historia tumezoea kuandika mashine zilifika lini na kwa njia ipi. Tumeandika machache mno kuhusu yaliyofuata: nani alizifungua, alikuta nini ndani, na alilazimika kubadilisha nini ili zimfae. Kumbukumbu hizo bado ziko vichwani mwa mafundi, na ndio tunaopaswa kuanza kuwauliza.