Mkao wa picha: namba inayomlaza bibi harusi

Harusi za Jumamosi zikiisha, labo za picha za Nyawera, katika komini ya Ibanda, hupokea kadi za kumbukumbu za wapiga picha. Fundi anachomeka kadi, anafungua faili, na bibi harusi aliyesimama mlangoni mwa kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix anatokea amelala ubavu, kichwa upande wa kulia. Mpiga picha anaapa kuwa kwenye kioo cha kamera yake bibi harusi alikuwa wima. “Papa, huku analala,” fundi anamjibu. Wote wawili wanasema kweli. Wanachogombania ni kile ambacho menyu ya Kifaransa huita orientation, nasi kwa Kiswahili tunakiita mara mwelekeo, mara mzunguko, mara tunanyoosha mkono tu kuonyesha. Mimi napendekeza mkao.

Kwanza tuone kinachotokea ndani ya kamera. Kihisi cha picha, kile kibao kidogo nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga, kimefungwa mahali pake. Ukigeuza kamera, nacho kinageuka, lakini kinaendelea kusoma mistari yake kuanzia pembe ileile, bila kujua mbingu iko wapi. Picha ya wima kwa hiyo huhifadhiwa ikiwa imelala, kwa kuwa kamera haijisumbui kupanga upya pikseli milioni 24 kwa kila picha. Kuna kihisi kingine, kinachopima mvutano wa dunia, ambacho hutambua ubavu upi wa kamera uko chini. Kikishatambua, kamera inaandika namba moja ndani ya faili, na kazi imekwisha.

Namba hiyo ina umri. Ilikuwamo katika muundo wa faili za TIFF, toleo la 6, la mwaka 1992, na muundo wa Exif, uliozaliwa Japani mwaka 1995, ukairithi. Thamani zake ni 8. Namba 1 maana yake picha iko sawa, na 3 maana yake iko kichwa chini. Namba 6 inaagiza picha izungushwe robo duara kufuata mshale wa saa. 8 inaagiza robo duara kinyume chake. Zilizobaki, yaani 2, 4, 5 na 7, ni za picha zilizogeuzwa kama zionekanavyo kwenye kioo cha kujitazamia, na ni nadra mpiga picha wa harusi kukutana nazo. Wengi hugeuza kamera kitufe cha kupigia kikiwa juu, na hapo namba inayoandikwa ni 8. Programu isiyoisoma 8 hiyo inaonyesha pikseli jinsi zilivyo, na ndiyo maana kichwa cha bibi harusi kimeangukia kulia.

Sasa jina. Mwelekeo ni neno zuri, ila tayari lina kazi yake kwenye faili hiihii. Simama Nguba, utazame ng'ambo ya Rusizi, upige picha. Kamera yenye GPS na dira inaweza kuandika kwamba lenzi ilielekea mashariki, upande wa Rwanda. Huo ndio mwelekeo. Geuza kamera kutoka mlalo kwenda wima bila kuhama hata hatua moja: mwelekeo ni uleule, kilichobadilika ni mkao. Exif ina sehemu mbili tofauti za mambo haya mawili, na anayeyaita kwa neno moja atajikuta anatafuta kosa kwenye sehemu isiyo yake. Fundi cherehani naye husema gauni limekaa vizuri au halikukaa, hasemi limeelekea. Mzunguko nao ni tendo, tena tendo ambalo pengine halikufanyika kabisa. Nasema basi mkao wa wima, mkao wa mlalo, na ile namba iitwe alama ya mkao. Wanaotafsiri mkao wa mlalo kuwa “mandhari” wamemtafsiri mchoraji wa milima, si mpiga picha. Bibi harusi aliyepigwa kwa mlalo hajawa mandhari.

Tukiwa na maneno haya, kutafuta kosa kunakuwa rahisi. Swali la kwanza ni kama alama ipo. Kwenye kamera za Canon, kipengele cha “Rotation auto” kina hali tatu: picha igeuzwe kwenye kamera na kompyuta, igeuzwe kwenye kompyuta peke yake, au isigeuzwe popote. Picha zilizopigwa kikiwa kimezimwa hazitageuka hata ukikiwasha baadaye. Swali la pili ni kama programu inaitii alama. Kitazamia picha cha Windows 7 hakikuitii. Cha Windows 8 kikaanza. Chrome nayo ilianza kuitii kwenye kurasa za wavuti bila kuagizwa mwaka 2020 tu, ambao kwa umri wa kamera za dijitali ni jana.

Kosa linalosumbua kuliko yote hutokana na wema. Fundi anaona picha imelala, anaizungusha kwa programu ya zamani inayopanga pikseli upya lakini inaiacha alama ya 8 ilivyokuwa. Kwake picha imesimama. Mteja akifika nyumbani Panzi, simu yake inaitii alama, inazungusha tena, na bibi harusi analala upande wa pili. Ukizungusha pikseli, alama lazima irudi kuwa 1. Ukibadilisha alama, pikseli ziache. Kubadilisha alama hakupunguzi ubora hata kidogo. Kupanga pikseli za JPEG upya na kuhifadhi hupunguza, isipokuwa kwa programu zinazohamisha vile vipande vya pikseli 8 kwa 8, au 16 kwa 16, bila kuvifungua. Picha ya 6000 kwa 4000 inagawanyika kwa 16 pande zote mbili, kwa hiyo hapo hakuna kisingizio.

Kuna hali moja ambayo kamera haina kosa wala programu haina kosa: kupiga picha diploma au kadi ya mpiga kura iliyolazwa mezani. Lenzi ikitazama chini moja kwa moja, mvutano unapita nyuma kwenda mbele, hakuna ubavu ulio chini, na kihisi kinabahatisha. Inua ukingo wa juu wa karatasi kwa kitabu, uinamishe kamera ifuate, kisha piga. Ikishindikana, zima “Rotation auto”, piga karatasi zote kwa mkao mmoja, uziandikie alama kwa pamoja kwenye kompyuta.