Tamati ya Habari za Wakilindi

Mwanzo wa ngoma ni lele, wasema wahenga. Washairi walijua hilo vyema, kwani beti za tamati hupimwa kwa ahadi ya ubeti wa kwanza. Masimulizi marefu yatolewayo sehemu kwa sehemu yana mtihani huo huo, tena mzito zaidi: msomaji aliyengoja miaka hataki kubembelezwa, wala hataki kudhulumiwa.

Kiswahili kina mfano wake wa kale katika milima ya Usambara. Habari za Wakilindi, tarikhi iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyeishi na watawala hao, ilipigwa chapa na wamisionari wa Magila kwa sehemu tatu, tangu 1895 hadi mwanzo wa karne ya 20. Mwaka 1962 J.W.T. Allen alizitoa pamoja katika kitabu kimoja.

Masimulizi yanaanza na Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, kigego aliyenyimwa urithi na jamaa zake. Hakuingia Usambara na jeshi. Aligawa nyama, akaua simba, akaamua mashauri ya watu, nao wakamtawalisha Vuga, kusini ya ulipo leo mji wa Lushoto. Ndani ya mwanzo huo limo sharti: mgeni amepewa nchi kwa kuwa analisha na kulinda.

Alipofariki, kifo chake kilifichwa mpaka mwanawe Bughe alipoletwa Vuga kutawala. Msiba na shangwe vikalala nyumba moja. Tangu hapo msomaji amefunzwa kuonja vyote viwili kwa pamoja.

Kimweri ye Nyumbai, ambaye milki yake ilifika pwani, alifariki mwaka 1862. Kiti cha Vuga kilirithiwa na mjukuu wake Shekulwavu. Lakini mwanawe Semboja alikuwa amekaa Mazinde, chini tambarare, penye njia ya misafara na bunduki. Jamaa hao wakapigana, Vuga ikateketezwa, na raia wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Huko Bonde, Wabondei wakainuka, wakawafukuza Wakilindi.

Hapa ndipo ulipo utamu ndani ya uchungu. Aliyempenda Mbegha anaililia Vuga. Hata hivyo, Wabondei wanapojikomboa, moyo wake unakiri kuwa haki imetendeka. Wasambaa wana maneno mawili ya kuupima utawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Babu aliingia kwa neno la kwanza. Wajukuu wakaponzwa na la pili. Ni kama kibwagizo: maneno ni yale yale, ila kila ubeti unapopita uzito wake umebadilika.

Lau ndugu hao wangepatanishwa ghafla, msomaji angejua amedanganywa. Lau pasingebaki chochote ila majivu, angejuta kuianza safari. Tamati hushibisha pale hasara inapotoka katika sharti lililowekwa mwanzoni, na pale jambo jema la mwanzo linaposalimika ingawa wenyewe wameangamia.

Mwaka 1963 sheria ya Tanganyika iliyafuta mamlaka ya machifu, na Wakilindi miongoni mwao. Kilichosalimika ni kipimo alichokiacha mwindaji: mtawala huulizwa amemlisha nani, na amemlinda nani.