Maghala ya Hamburg, Kandokando ya Mto Elbe

Kwa karne nyingi mji wa Hamburg ulijitawala na kuishi kwa biashara ya Mto Elbe. Ujerumani ilipoungana mwaka 1871, dola mpya ilitaka mji huo uingie katika forodha moja na sehemu nyingine za nchi. Mapatano yalifikiwa mwaka 1881: Hamburg iingie, lakini ibakiziwe bandari huru, ambamo bidhaa zingewekwa bila kutozwa ushuru.

Mahali palipochaguliwa kujengwa maghala ya bandari hiyo palikuwa na watu. Kuanzia 1883 mitaa ya Kehrwieder na Wandrahm ilibomolewa, na wakazi wapatao 20,000 wakahamishwa. Mhandisi Franz Andreas Meyer akasimamia ujenzi: magogo yakashindiliwa topeni, na juu yake yakainuka maghala ya matofali mekundu. Kaisari Wilhelm II aliyazindua tarehe 29 Oktoba 1888.

Ghala lilipakana na barabara upande mmoja, na mfereji upande wa pili. Tishari lilisogezwa hadi chini ya ukuta, kapi ya darini ikateremsha kamba, na gunia la kahawa likapandishwa mpaka kwenye mlango wa orofa yake. Ndani lilipokewa na Quartiersleute, mafundi wa ghala ambao kwa desturi waliunda ushirika wa watu wanne. Hao ndio waliopima, wakachambua na kumtolea mnunuzi sampuli ya kahawa, kakao, chai, tumbaku na viungo.

Pwani yetu haikuwa ngeni kwa wafanyabiashara wa Hamburg. Kampuni ya O'Swald ilikuwa Unguja tangu 1849, na mwaka 1859 Sultani wa huko, Sayyid Majid, alifunga mkataba wa biashara na Hamburg na miji mingine ya Kijerumani.

Mabomu ya Vita Vikuu vya Pili yaliangamiza karibu nusu ya maghala. Msanifu Werner Kallmorgen aliongoza ujenzi mpya uliokamilika mwaka 1967. Mwaka uliofuata meli ya makontena ikatia nanga Hamburg, na kazi ya kapi na magunia ikaanza kufifia.

Hata hivyo mji haukuyabomoa maghala. Yalilindwa kisheria mwaka 1991, na mwaka 2015 UNESCO ikayaandika kuwa Urithi wa Dunia. Leo yana ofisi na makumbusho. Hamburg inastahili sifa kwa utunzaji huo. Lakini anayesimulia tarehe ya maghala haya aanze na wale 20,000 waliovunjiwa nyumba, kabla hajafika kwa Kaisari.