Mizani, Daftari na Cheti: Habari za Elimu ya Watu Wazima Katika Nchi ya Pamba

Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki cha sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu mtasoma habari za marobota ya pamba, za maghala na za magari. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika sehemu hii tumeona vema tueleze jambo lisilopimwa kwa kilo, nalo ni jinsi watu wazima wa Tanzania walivyopata kusoma kwa fedha ya Serikali, na mahali elimu hiyo ilipofika ikasimama. Jambo hili latuhusu sana sisi watu wa Kanda ya Ziwa, maana ushirika wetu wa pamba ulizaliwa na watu waliojua kusoma namba, na kila ulipoyumba, sababu moja kubwa ilikuwa uchache wa watu wa namna hiyo.

Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili mkulima aliichukua pamba yake kichwani au juu ya baiskeli hadi kituo cha kununulia, akaiweka juu ya mizani ya mfanyabiashara, akaambiwa uzito wake na kupewa fedha. Mshale ulisogea mbele ya macho yake, lakini alama zile zilikuwa kwake kama nyayo za ndege mchangani. Akidhani amepunjwa, hakuwa na la kufanya ila kunung'unika njia nzima mpaka nyumbani. Manung'uniko yalipozidi, wakulima walitenda jambo ambalo hata leo latustaajabisha. Waliajiri kwa fedha zao wenyewe watu waliokwisha kusoma, wakawasimamisha karibu na mizani, wauangalie uzito na kuuandika kwa niaba ya wenye pamba. Kabla hakijakuwapo chama, alikuwapo mpimaji mwenye kalamu. Katika kazi hiyo ndimo vilimochipuka vyama vya wakulima wa pamba, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria, ambalo baada ya muda si mrefu lilihesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika nzima. Paul Bomani, aliyekuwa kiongozi wao, alikuwa amekwenda Uingereza mwaka 1953 kusoma mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough. Alikuwa mtu mzima mwenye shughuli nyingi, wala hakuona haya kuketi tena darasani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, waliomaliza shule ya sekondari walikuwa wachache mno, na Serikali mpya iliwahitaji kila mahali. Vyama vya msingi vilikuwa vikiongezeka upesi, na kila kimoja kilitaka katibu, karani wa mizani na mtunza fedha. Wangetoka wapi? Mwalimu Nyerere alipoupeleka Bungeni Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, mwaka 1964, alieleza kwamba yapasa kuanza na watu wazima, kwa kuwa watoto walioko shuleni hawatakuwa na nguvu katika uchumi wa nchi mpaka ipite miaka mingi. Hoja ile ilikuwa ya kweli kabisa kwetu sisi, maana pamba haikungoja mtoto amalize darasa la nane.

Chuo cha Ushirika kilikuwa kimekwisha funguliwa Moshi mwaka 1963, na mwaka 1964 pakaanzishwa huko kituo cha elimu ya ushirika kilichopeleka masomo vijijini kwa njia ya posta na ya redio. Wajumbe wa halmashauri walikaa kwa vikundi, mmoja akasoma kwa sauti na wengine wakajadiliana. Hata hivyo mbio za kuanzisha vyama zilikuwa kubwa kuliko mbio za kuwafundisha wenye vyama. Mwaka 1966 kamati maalumu iliyoteuliwa na Rais kuchunguza ushirika ilikuta, pamoja na makosa mengine, kwamba wanachama hawakuwa na maarifa ya kutosha juu ya vyama vyao, na kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa haba. Mkulima aliyekuwa amejikomboa kwenye mizani ya mfanyabiashara alijikuta sasa hawezi kuisoma leja ya chama chake mwenyewe.

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba katika kila watu wazima watatu, wawili hivi hawakujua kusoma. Mwaka uliofuata, 1968, ulianza hapa kwetu mradi wa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, katika mikoa minne: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Vitabu vyake havikuanza na habari za paka na mpira kama vya watoto. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kusoma habari za pamba, mvuvi kwa habari za samaki, na wenye migomba kwa habari za ndizi. Usiku wa kuamkia mwaka 1970 Rais aliutangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadaye wilaya sita, miongoni mwake Mafia na Ukerewe, zilipewa kazi ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya nyingine, na mwaka 1971 chama cha TANU kikaazimia nchi nzima ifanye hivyo ifikapo mwisho wa mwaka 1975.

Waliokuwapo watakumbuka jinsi kazi ile ilivyofanyika. Madarasa yalikaa chini ya miembe, makanisani, misikitini, katika maghala ya pamba msimu ulipokwisha, na wanafunzi wa shule za msingi waliwafundisha baba na mama zao. Watu waliyaita madarasa hayo ngumbaru, na jina hilo lilikuwa na mzaha ndani yake. Wako wazee waliokataa kabisa kwenda kwa kuliogopa, na wako waliokwenda kwa kupita vichochoroni. Zaidi ya watu milioni tano waliandikishwa. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamepungua kufikia asilimia 39, na wa mwaka 1977 asilimia 27. Mwaka 1986 ilitangazwa kuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Mwanza lilichapwa gazeti la wasomaji wapya, lililoitwa Elimu Haina Mwisho, nalo lilianza mwaka 1974.

Lakini hebu tuitazame kwa makini ile hatua ya nne, ambayo aliyeifikia alihesabiwa kuwa amehitimu. Mtu wa hatua ya nne aliweza kusoma gazeti, kuandika barua, na kuweka hesabu ndogo za nyumbani mwake. Ni jambo kubwa, nasi hatulidharau. Tena Serikali haikuishia hapo. Mwaka 1972 ilianzisha elimu kwa njia ya posta chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 Waziri Mkuu aliagiza mahali pa kazi pawe na elimu kwa wafanyakazi. Mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano uliotoka Uswidi, vikaongezeka hata kupita 50, na humo mtu mzima alijifunza useremala, uashi, kushona na kilimo bila kuulizwa cheti cha sekondari. Basi nchi ilikuwa imejenga vizuri ngazi ya chini kwa ajili ya herufi, na kando yake ngazi nyingine kwa ajili ya ufundi. Ngazi ya katikati, ile ya kumwezesha mtu mzima kumaliza kidato cha nne, iliachwa kwa kadiri kubwa kwa nguvu za mwenyewe: posta, mshumaa, na mfuko wake.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na kazi zao wakapewa mamlaka za mazao na vijiji. Havikuruhusiwa tena mpaka ilipopitishwa sheria ya mwaka 1982. Miaka ile ya themanini ilikuwa ya dhiki, karatasi ikakosekana, na madarasa mengi ya watu wazima yakafa kimyakimya. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu wazima wapatao 22 katika kila 100 hawajui kusoma. Ile ngazi ya chini ilikuwa imeliwa na mchwa.

Ufundi ulipata bahati zaidi. Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na fungu lake likawekewa chimbuko la kudumu, kwa kuwa waajiri hutozwa sehemu ya mishahara wanayolipa kwa ajili ya kuendeleza ufundi. Siku hizi hata fundi aliyejifunza chini ya mti, asiyepata kuingia chuoni, anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti. Makanika wetu mmoja alikipata kwa njia hiyo, na tangu siku hiyo tumeona hata sauti yake imebadilika akizungumza na madereva.

Kwa mwenye kutaka cheti cha sekondari njia ni ndefu zaidi. Mtu mzima aliyeachia masomo njiani hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, wenye kiwango cha kidato cha pili, na akifaulu ndipo aingie katika mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Jina hilo la kujitegemea ni la kweli, kwa kuwa ada ya mtihani hujilipia, na mara nyingi hata mwalimu na vitabu. Mwaka 2016 Serikali ilipoondoa ada katika sekondari zake hadi kidato cha nne, tulifurahi kwa ajili ya watoto wetu. Mtahiniwa wa kujitegemea aliendelea kulipa kama zamani. Novemba 2021 pakaja neema nyingine, maana waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, waliruhusiwa kurudi shuleni, na kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima wasichana wengi walianza kusoma sekondari kwa njia mbadala bila ada, miaka minne ya masomo ikifupishwa kuwa miwili. Hilo ni jema sana. Ila mama mwenye umri wa miaka 45, ambaye aliacha shule kwa sababu hizohizo katika wakati usio na huruma ya namna hii, bado anangoja zamu yake.

Kwa nini twalisema jambo hili katika sherehe ya chama cha pamba? Katika mwaka wa tatu wa uhai wa Chama Kikuu chetu, chama kimoja cha msingi, ambacho hatutakitaja, kilikuta upungufu mkubwa mwisho wa msimu. Kila mkulima alikuwa na stakabadhi yake, na kila mmoja aliisoma mwenyewe bila kusaidiwa, akaiona kuwa ni sahihi. Kumbe daftari la ghala lilikuwa na uzito mwingine. Wajumbe wa bodi walikuwa wamelitia sahihi daftari lile kila juma kwa mwandiko mzuri kabisa, wala hapakuwa na mmoja aliyejua namna ya kulilinganisha na stakabadhi na kutafuta jumla. Miaka sabini hivi baada ya wapimaji wa kwanza kusimama penye mizani, wanachama wetu walijua kusoma na hawakujua kukagua. Karani aliondoka usiku, na hasara ilikatwa katika malipo ya wakulima. Nasi wa Chama Kikuu tulikuwa na lawama yetu, kwa kuwa tulichelewa kumpeleka mkaguzi.

Ilipotangazwa nafasi ya karani mpya, sharti la kwanza lilikuwa cheti cha kidato cha nne. Alikuwapo mama mmoja, mjumbe wa bodi ile, aliyekuwa wa kwanza kushuku zile hesabu, na wenzake wote walimtaka yeye. Lakini alikuwa ameishia kidato cha pili. Wengine walisema sharti livunjwe kwa ajili yake. Mwenyewe alisimama mkutanoni akakataa, akasema sharti likivunjwa leo kwa mtu mwema, kesho litavunjwa kwa mwingine. Kazi ikapewa kijana kutoka mbali.

Kutokana na mkutano huo lilianza darasa letu la jioni, katika ghala la pili, mahali panapokaa magunia ya mbegu. Walimu wawili wa sekondari ya jirani huja mara tatu kwa juma, nasi twawalipa posho kutoka fungu la elimu ya wanachama. Somo gumu kuliko yote ni Kiingereza. Hesabu huwapendeza zaidi, kwa kuwa mwalimu huzitolea mifano ya pamba. Tuliomba msaada wa vitabu katika ofisi moja mwaka juzi, na jibu bado halijafika. Mkutano Mkuu uliopita ulikubali chama kilipe ada ya mtihani kwa kila mwanachama atakayekuwa amehudhuria mwaka mzima, na azimio hilo halikupita kirahisi, maana wako waliouliza kama pamba yao ilimwe kwa ajili ya kuwasomesha watu wenye wajukuu.

Mwezi wa Novemba wanne kati yao wataingia katika chumba cha mtihani wa kidato cha nne, na yule mama ni mmoja wao. Mtihani wa Maarifa alikwisha kuufaulu. Kwa ruhusa ya chama chake tumempa daftari la ghala la msimu uliopita alitumie kwa mazoezi ya hesabu. Mpaka tunapoandika habari hizi amekuta makosa mawili ya kujumlisha, nayo yamesahihishwa mbele ya karani na mwenyekiti, kwa wino mwekundu.