Tulichagua Vitabu, Kiingereza Kikaja Navyo

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu. Amemaliza kidato cha sita, kombi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na sasa yuko kwenye kuomba chuo. Baada ya shikamoo hakuzunguka: "Mjomba, we si ulisoma fasihi ya Kiingereza? Hivi ulichagua kwa nini?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa napenda vitabu.

"Hata mimi napenda vitabu," akasema. "Kwani Kiswahili hakina vitabu?"

Nikacheka, nikamwambia nitampigia. Kesho yake nikagundua kwamba sina jibu. Nimeishi na shahada ile miaka mingi, nimekula mkate wake, na sijawahi kukaa chini nikajiuliza niliifikiaje. Haya ndiyo niliyoyapata nilipojiuliza. Nayaweka hapa kwa sababu nadhani wengi wenu mnaonisoma mlipitia mlango huohuo.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza. Nyumbani tulikuwa na kabati moja la vitabu, na karibu vyote vilikuwa vya Kiswahili: Kusadikika, Adili na Nduguze, Mzimu wa Watu wa Kale. Nyuma ya hivyo, kimelazwa ili kisionekane, kulikuwa na Rosa Mistika, riwaya ambayo iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Baba alikificha kwa uzembe wa mtu anayetaka kitu kipatikane. Nilipofika darasa la saba nilikuwa nimelimaliza kabati, na hicho cha nyuma nilikuwa nimekisoma mara mbili.

Kisha nikaenda sekondari mjini Tanga, na huko nikaijua maktaba ya mkoa, ile iliyojengwa enzi za mkoloni kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita. Rafu za Kiswahili nilizimaliza mapema. Za Kiingereza hazikwisha. Mle ndani nikakutana na Achebe, ambaye ni Mnigeria, na Dostoevsky, ambaye ni Mrusi. Waingereza wenyewe sikuwatafuta sana. Kiingereza kwangu kilikuwa kama daladala: sikuipenda daladala, nilipenda kule inakokwenda. Basi ilipofika siku ya kuchagua chuo, nikachagua daladala.

Hilo ndilo jibu la kwanza, na si la uongo. Ila linaacha swali: zile rafu alizipanga nani?

Tuanzie mbali kidogo. Wengi tunadhani fasihi ya Kiingereza ni somo la kale huko kwao, kana kwamba lilianza na Shakespeare mwenyewe. Sivyo. London walianza kulifundisha chuoni mwaka 1828. Oxford, chuo chenye karne nyingi, kilisubiri mpaka 1894 ndipo kikalipa kitivo chake, tena baada ya mabishano makali, maana wapo walioona kusoma mashairi na riwaya za lugha ya nyumbani ni starehe ya jioni, si elimu ya kutahiniwa. Wakati huo India ilikuwa imeshasomeshwa fasihi hiyo kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1835 watawala waliamua kuelekeza fedha za elimu kwenye Kiingereza, na mtihani wa kuingia utumishi wa serikali ya India, ulioanza mwaka 1855, ulikuwa na swali la fasihi ya Kiingereza ndani yake. Yaani somo hili lilipanda meli za dola kabla halijapewa kiti cha heshima kwao. Na tangu mwanzo lilitembea likiwa limeshikana mkono na ajira.

Kwetu Afrika Mashariki lilishukia Makerere. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka 1949 ikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Mwanafunzi alikaa Kampala, shahada ikatoka London. Kijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika au Unguja aliyependa vitabu na akabahatika kufika huko, mlango alioonyeshwa ni Idara ya Kiingereza. Tusiidharau idara ile. Mwaka 1958 lilianzishwa pale jarida la Penpoint, na wanafunzi wakaanza kuchapisha hadithi zao wenyewe. Kwa mtu aliyekulia kijijini akionekana wa ajabu kwa sababu anasoma hata anapochunga mbuzi, kukuta wenzake kumi wenye ugonjwa uleule si jambo dogo.

Lakini kufika pale kulikuwa na chujio. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Makerere mwaka 1959 na aliyetutoka Mei 2025, amesimulia habari ya mwenzake wa darasa katika miaka ya 1950. Kijana yule alipata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kiingereza, alichofeli. Akahesabiwa amefeli mtihani mzima, na maisha yake yakaishia kuwa tandiboi wa basi. Ngũgĩ mwenyewe alikuwa na alama za kawaida tu, ila Kiingereza alifaulu vizuri, na hicho kikamfikisha Alliance, shule iliyokuwa ndoto ya kila mwanafunzi wa Kenya. Soma tena kisa hicho polepole. Kuna msomi aliyepotea pale, na hakupotezwa na uvivu.

Sasa njoo mwaka 1962, mwezi Juni. Makerere paliitishwa mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, Mphahlele alikuwepo. Ngũgĩ, bado mwanafunzi, aliingia kwa tiketi ya hadithi fupi alizokuwa amechapisha, na hapohapo akampa Achebe mswada wa riwaya yake. Mswada ule ndio uliokuja kuchapishwa mwaka 1964 kwa jina la Weep Not, Child.

Shaaban Robert hakuwemo. Mtu aliyekuwa ameandika mashairi, riwaya, insha na maisha yake mwenyewe, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909, hakuhesabika kwenye orodha ile kwa sababu alivyoandika aliviandika kwa Kiswahili. Mwezi huohuo wa Juni 1962 akafariki dunia. Ngũgĩ aliliandika jambo hili baadaye kwa uchungu, katika kitabu chake cha mwaka 1986 alichokiita kwaheri yake kwa Kiingereza. Mimi nililisoma nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikiwa kijana wa Tanga niliyejifunza kusoma kwa Shaaban Robert, na nililisoma kwa Kiingereza. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa kikao akapanga kumtenga. Jina la mkutano lilitosha. Hivyo ndivyo milango mingi inavyofungwa: hakuna anayekusukuma nje, ila kibao cha mlangoni kimeandikwa kwa namna ambayo wewe humo.

Miaka sita baadaye, waliopita mlango ule walirudi kuung'oa. Tarehe 24 Oktoba 1968, wahadhiri watatu wa Nairobi, yaani Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: kama ni lazima tusome fasihi kwa kufuata historia ya utamaduni mmoja, kwa nini utamaduni huo usiwe wa Afrika? Walitaka Afrika ikae katikati, fasihi simulizi iwemo, na fasihi za kwingine zipangwe kuizunguka. Hawakusema Shakespeare achomwe moto. Walisema asiwe jua.

Walishinda, kwa kiasi. Idara ikawa Idara ya Fasihi, mtaala ukapanuka, na Okot p'Bitek akapata nafasi darasani. Ila angalia kilichobaki: mijadala, insha na mitihani ya fasihi viliendelea kwa Kiingereza. Walibadilisha vyakula mezani, sahani zikabaki zilezile.

Kwetu Tanzania mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile. Mwaka 1970 Dar es Salaam ikawa chuo kikuu kinachojitegemea, Idara ya Kiswahili ikapata mlango wake, na mwaka huohuo kijana wa Ukerewe aitwaye Euphrase Kezilahabi akahitimu pale Mlimani. Mwaka uliofuata akatoa Rosa Mistika, ile iliyokuwa nyuma ya kabati la baba. Kwa mara ya kwanza mpenda vitabu aliweza kusoma fasihi mpaka shahada bila kuihama lugha aliyoanza nayo.

Kwa nini basi mimi, zaidi ya miaka 30 baadaye, sikuuona mlango huo? Nadhani jibu liko sekondari. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee kufundishia hadi sekondari, kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulitekeleza. Kwa hiyo mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza anaambiwa, bila mtu kulitamka, kwamba mambo mazito yanakaa kwenye lugha nyingine. Kiswahili kinabaki kipindi kimoja kwenye ratiba. Na umri ule ndio mtu anaanza kujitambua kama msomaji. Tukifika chuo tunakuta fasihi ina vyumba viwili vyenye ukuta katikati, kimoja cha Kiswahili, kingine cha Kiingereza, na kila mmoja anaingia alikozoea kuelekezwa.

Sababu nyingine ni ngumu kuiandika. Nilipokuwa kijana nilipenda Kiingereza kwa sababu kilikuwa chumba ambacho mtu wa nyumbani asingeingia. Daftari langu la mashairi lingeweza kukaa mezani wazi na nisiogope. Nani hakuwahi kutaka chumba kama hicho akiwa na miaka 17?

Ubaya wake niliuona siku ya mahafali. Tasnifu yangu ilihusu Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994. Baba alikuja Dar es Salaam na basi la alfajiri. Jioni akaomba aione kazi yenyewe. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akausoma kwa Kiingereza chake cha Chuo cha Ualimu, akaenda wa pili. Kisha akaifunga. "Nieleze mwenyewe basi. Umeandika kuhusu nini?"

Nikashindwa. Nilikuwa na maneno yote ya darasani na hata moja halikuwa la Kiswahili. Nikasema ni habari ya mtoto mmoja wa pwani, zamani. Nikasema kuna mambo ya ukoloni. Baba akaitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia mwanafunzi ambaye hajafanya zoezi lakini leo si siku ya kumwadhibu. Huyu ndiye aliyenifundisha a, e, i, o, u.

Gurnah alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mwaka 2022 riwaya ile ikatoka kwa Kiswahili, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, jina lake Peponi. Miaka 28 baada ya kuandikwa, hadithi ya pwani ikafika pwani. Nilinunua nakala mbili, moja nikampelekea mzee Muheza.

Aliisoma kwa wiki mbili. Nilipopiga simu, hata salamu hazijaisha akaanza: kumbe huyu Yusuf babake alimweka rehani kwa ajili ya deni. Akasema desturi hiyo aliisikia kwa bibi yake. Akanieleza mambo ya misafara ya kwenda bara ambayo mimi sikuyajua nilipokuwa naandika, na ambayo yangeifaa sana kazi yangu. Tukaongea mpaka salio likaisha. Nilipompigia tena akauliza, "Ndiyo hii uliyokuwa unataka kunieleza mwaka ule?"

Nikasema ndiyo, ndiyo hii.

Kwa hiyo nilimpigia mpwa wangu, nikamweleza yote haya. Nikamwambia asimsikilize anayemwambia Kiswahili ni rahisi. Huyo hajakaa na shairi la Kezilahabi usiku kucha. Nikamwambia vilevile asione aibu akichagua Kiingereza, maana waliong'oa mlango wa Nairobi waliingia kwa mlango huo. Ila nikampa sharti moja. Kila kitabu atakachokiandikia insha kwa Kiingereza, amwandikie babu yake ukurasa mmoja kwa Kiswahili, amweleze kinahusu nini na kwa nini kimemgusa. Akishindwa, arudi akakisome upya.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa mjomba. Lakini bado hujaniambia nichague ipi."

Ni kweli, sijamwambia. Maombi yanafungwa wiki ijayo, na jana baba amenipigia kuuliza kama ule ukurasa wake wa kwanza utamfikia kwa simu au kwa basi.