Kahawa Ingali Maua: Habari za Akiba ya Jamaa Katika Bukoba na Muleba

Umoja wetu umetimiza miaka 10, na wenzetu katika kurasa nyingine wamesimulia habari za maghala, mizani na mikutano. Sisi tumepewa kueleza jambo lisiloandikwa katika vitabu vya hesabu vya chama, nalo ni jinsi jamaa za Bukoba na Muleba zilivyojifunza, na mara nyingine zilivyosahau, kuitunza fedha ya mavuno mpaka siku ya haja.

Hapana budi tuanze na kibanja. Jirani zetu Wasukuma, walio kusini ya ziwa, huvuna nafaka kwa msimu, na kwa hiyo tangu zamani mtoto wao hukua akiona ghala nyumbani. Mtoto wa Kihaya hakuliona ghala kwa namna hiyo. Mgomba hautoi ndizi kwa msimu mmoja. Leo hukatwa mkungu huu, juma lijalo ule, na chakula cha mwezi ujao kimesimama shambani kikijilinda chenyewe. Hii ilikuwa neema kubwa, lakini ilikuwa na upande wake wa pili: wazee wetu hawakulazimika kujizoeza kugawa mavuno ya siku chache yatoshe mwaka mzima.

Kahawa nayo ilikuwapo tangu kale, bali haikuwa fedha. Ilichemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri, ikakaushwa, ikatafunwa. Mgeni alikaribishwa kwayo, na watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walikula kiapo kwa buni zake. Upandaji wake ulikuwa chini ya macho ya Wakama. Ndipo Wajerumani, na baada yao Waingereza, walipohimiza watu wapande kwa wingi, hata katika miaka ya 1920 mibuni ikaenea chini ya migomba katika vibanja vingi. Basi nyumba iliyozoea kula kila siku kutoka shambani ikaletewa mapato yanayoingia mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno ya katikati ya mwaka, hali haja za fedha zilikuja miezi yote 12. Twaona kwamba shida ya akiba katika nchi yetu ilizaliwa hapo. Watu wengi husema Mhaya ni mtu wa kupenda fahari, naye hutumia bila hesabu. Hatukatai kwamba fahari ipo, nasi tumeiona katika harusi. Lakini kasoro kubwa zaidi ilikuwa ya kalenda.

Katika nafasi iliyo kati ya haja na mavuno ndipo lilipoingia jambo liitwalo butura. Msomaji wa Kagera hahitaji kuelezwa, ila kijitabu hiki chaweza kufika mbali. Butura ni kuuza kahawa ingali maua, au ingali mbichi mtini. Mwenye fedha huja shambani, huitazama mibuni, hukubaliana na mwenye nyumba juu ya kiasi fulani cha kahawa ya maganda, kisha hutoa fedha palepale. Mavuno yakifika, kahawa si ya mkulima tena. Yeye huwa kibarua wa kuichuma na kuianika.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mtu anataka shilingi 60,000 mwezi wa Januari. Anapewa, na kahawa aliyoiweka katika ahadi, ikipimwa mwezi wa Julai, inapata shilingi 150,000. Amelipa 90,000 kwa kukaa na 60,000 muda wa miezi sita. Lau angelikopa fedha hiyohiyo katika kikundi kinachotoza shilingi 5 kwa kila 100 kwa mwezi, riba ya miezi sita ingelikuwa 18,000. Tofauti ni 72,000, na mara nyingi fedha hiyo ndiyo inayokosekana Januari ya pili, kwa hiyo mwenye nyumba hurudi kwa yuleyule. Wapo wanaomwita mnunuzi wa butura mnyang'anyi. Sisi twaongeza neno moja: mara nyingi ni jirani, tena ni yeye peke yake aliyekuwa na fedha siku mtoto alipougua.

Watu wa nchi hii hawakukaa kimya. Mwaka 1924 ulianzishwa Bukoba Bahaya Union, na katika miaka ya 1930 Klemens Kiiza na wenzake walishughulika na shabaha ya wakulima kuuza kahawa yao wenyewe. Mwaka 1937 kulitokea ghasia juu ya sheria za utunzaji wa mibuni, kwa kuwa wakulima waliona wanaamrishwa katika mali yao. Sheria ya vyama vya ushirika ilikuwapo Tanganyika tangu mwaka 1932, lakini ilikuwa mwaka 1950 ndipo Bukoba Native Co-operative Union ilipoundwa. Bei za kahawa duniani zilikuwa zikipanda miaka ile, na nyumba nyingi za bati zinazoonekana vijijini asili yake ni fedha ya wakati huo.

Hata hivyo, faida ambayo twapenda kuitaja zaidi si bei. Ni ile desturi ya ushirika ya kulipa kwa mafungu. Mkulima alipata malipo ya kwanza alipoleta kahawa. Kahawa ilipokwisha kuuzwa na gharama kutolewa, yakaja malipo ya pili. Walikuwako walionung'unika, wakauliza kwa nini fedha yao ikae kwa chama. Ila malipo ya pili yalikuwa akiba ambayo baba hakuweza kuinywa. Yalifika rubisi ya msimu imekwisha kunywewa na wageni wamekwisha kwenda zao, yakakuta haja halisi zikingoja. Bila ya mtu kuhubiri, chama kilikuwa kimeirekebisha ile kalenda.

Kwa hiyo yaliyofuata yalikuwa na uzito kuliko yanavyoonekana katika vitabu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya kahawa ikawa ya mamlaka ya serikali. Vita vya Kagera vilikuja mwaka 1978. Ushirika wa Kagera ulirudi kwa sura mpya mwaka 1990, lakini mwaka mmoja kabla yake mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya mauzo ya kahawa yalikuwa yamevunjika, na bei ikaanguka. Kila malipo yanapochelewa au kupungua, mkulima huwa hana tena ile akiba iliyolindwa, na butura hupata mlango. Tena mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa watu wa mkoa wetu. Ugonjwa uliwachukua watu wazima wenye nguvu ya kuchuma, ukaacha wajane, mabibi na yatima juu ya vibanja. Wengi waliokuja kuuza maua katika miaka ile hawakuwa wavivu wala wapenda fahari.

Hapo inatupasa tuwasifu wanawake, maana walijua akiba kabla ya chama. Kwa desturi kahawa ilikuwa mali ya mume, na fedha yake ilipitia mkononi mwake. Mke alikuwa na shamba lake la rweya, penye njugu mawe na viazi vikuu, na mikeka aliyoisuka. Mapato yake yalikuwa madogo lakini yalikuja mara kwa mara, na mtu apataye kidogo mara kwa mara hujifunza kuhesabu. Wao ndio walioimarisha vikundi vya kuzikana, ambavyo mwanachama huleta ndizi, kuni, maji na fedha kidogo kwa nyumba iliyofiwa. Mwaka 2000 watafiti walipozihoji jamaa za kijiji cha Nyakatoke, Bukoba, muda wa mwaka karibu mzima, walikuta vikundi vya namna hiyo vinawafunika karibu watu wote. Msiba ni jambo lisilo na tarehe. Wao walikuwa wamelipangia.

Katika shina hilohilo vimechipuka vikundi vya hisa na vikoba vya siku hizi. Namna ya sanduku lenye kufuli tatu ilianza Niger mwaka 1991, ikaenea Afrika nzima, na kwetu imekaa vema: funguo kwa watu watatu, sanduku kwa wa nne, kila hisa ikihesabiwa mbele ya wote. Hapa tuna shauri moja, nalo lahusu tarehe. Kikundi kinachogawana Desemba hugawana katika juma ambalo watoto na wajukuu wamewasili kutoka Dar es Salaam na Mwanza kwa Krismasi, na fedha huondoka pamoja nao. Kikundi kinachogawana juma la pili la Januari huikuta fedha mahali ilipotakiwa. Ada za sekondari za serikali zilifutwa kuanzia 2016, lakini sare, daftari na nauli ya bweni hazikufutwa.

Kwa mwenye nyumba na mkewe twashauri wakae pamoja kabla ya mavuno, si baada yake, wakaandike haja za miezi 12 kwa majina na kwa miezi yake. Fedha ya kahawa itajwe kiasi chake mbele ya wote wawili. Bila ya hilo hakuna mpango, ila siri ya mtu mmoja. Deni la duka lilipwe kwanza. Tena wasitegemee kibanja peke yake kama wazee walivyofanya. Mnyauko wa mibuni ulionekana mkoani mwaka 1997, mnyauko wa migomba karibu na mwaka 2006, na siku ya 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa kwa dakika moja nyumba za kazi ya miaka 20.

Sasa tuseme lile linalotuuma. Twawaonya wanachama wasiuze maua, na serikali imekataza, lakini ajapo mwanachama mwezi wa Januari kuomba 60,000, chama cha msingi mara nyingi hakina kitu cha kumkopesha, maana fedha yake nayo huja Julai. Mfuko wa mikopo midogo ya Januari, utakaotokana na makato madogo katika kila kilo wakati wa msimu, umependekezwa na vyama kadhaa. Wako wanaouogopa, wakikumbuka mifuko iliyopata kupotea, na hofu yao si ya bure. Pendekezo hilo limewekwa mbele ya mkutano mkuu, nasi twawaomba wajumbe wafike na hesabu za vyama vyao.